Wazee na vijana kwenye chama cha ushirika: stakabadhi au simu?

Msimu wa kahawa unapofika mkoani Kilimanjaro, ugomvi wa namna moja hurudi kwenye ghala la chama cha msingi, yaani AMCOS. Mzee anadai stakabadhi yake ya karatasi yenye mhuri. Kijana aliyembebea gunia anauliza kwa nini hela haiingii kwenye simu siku hiyohiyo. Mmoja huitwa mkaidi, mwingine huitwa mwenye pupa. Katika makala haya tunaeleza kila upande unatoka wapi.

Tuanze na wazee. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Kwa miaka mingi kahawa ndiyo iliyolipa ada za shule na kuezeka nyumba kwa bati. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Aliyepitia yote hayo anajua kwamba chama kinaweza kufa na mnunuzi akahama, lakini karatasi iliyotunzwa sandukuni hubaki kuwa ushahidi. Haogopi simu. Wazee wengi hao hupokea hela za watoto wao wa mjini kwa simu hiyohiyo.

Kijana naye ana hesabu zake. Kahawa inayouzwa kupitia chama mara nyingi hulipwa kwa awamu: malipo ya awali unapoipeleka, na malipo ya pili baada ya kuuzwa, kwa mfano kwenye mnada wa Moshi. Mzee amezoea kusubiri. Kijana ana bodaboda ya mkopo inayotaka marejesho kila wiki. Nyanya humpa hela ndani ya miezi michache, wakati mche wa kahawa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuanza kuzaa.

Ila kwa maoni yetu, simu si kiini cha ugomvi. Kahawa anayoipalilia na kuichuma kijana si yake. Kihamba ni cha baba, na uanachama ni wa baba. Mkutano mkuu unapojadili makato au kumchagua mwenyekiti, yeye anasimama nje. (Mabinti nao huchuma sana, lakini mazungumzo haya yakianza hawatajwi kabisa, kwa kuwa kihamba kwa mila hurithiwa na wana wa kiume.)

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haimfungii kijana mlango. Mwenye miaka 18 anaweza kuomba kujiunga, na kwenye chama cha msingi kila mwanachama ana kura moja, awe na miche hamsini au elfu mbili. Kikwazo huwa ni sharti la kuwa na zao lenyewe. Njia mojawapo ni baba kumkatia mwanawe, wa kiume au wa kike, safu kadhaa za miche, na kahawa ya safu hizo ikapimwa kwa jina la huyo mtoto. Mambo hayo huzungumzwa nyumbani kabla ya msimu. Mbele ya mizani, watu wakiwa kwenye foleni, yataleta aibu tu.

Kuhusu malipo, hakuna haja ya kuchagua. Hela inaweza kuingia kwenye simu na stakabadhi ikatolewa vilevile. Kaeni pamoja, mzee na karatasi, kijana na simu, mlinganishe: jina, tarehe, kilo, bei na makato. Visipolingana, nendeni kwa katibu wa chama siku hiyohiyo. Akishindwa kuwaeleza, pelekeni suala kwenye bodi ya chama, kisha kwa afisa ushirika wa halmashauri, na stakabadhi mkononi.