Ndoo ya Mtera na Miguu ya Mashine

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walivuka Ugogo na mizigo ya ratili 60 hadi 70, kwa miguu yao tu. Mwaka 1890 Mrusi Nicholas Yagn alipata hataza Marekani ya springi za kumsaidia mtu kutembea. Vyombo vya mota vya kuvaa vimempunguzia mtembeaji kazi miaka ya 2010 tu. Vya awali vilimchosha kwa uzito wake.

Nairobi nako, mwaka 1986, Geoffrey Maloiy na wenzake walionyesha kuwa akina mama Wajaluo na Wakikuyu hubeba asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi. Mwendo huo! Ila ukizidisha, unalipa. Na ndoo ya lita 20 pale Mtera, kwa mama wa kilo 60, ni theluthi nzima.