Usafishaji wa madirisha: Biashara ndogo inayoweza kuota mizizi Garsen

VUMBI ni mgeni asiyeaga mjini Garsen. Mji huu wa Kaunti ya Tana River uko kwenye njia panda, ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Lamu na mwingine hupanda Hola hadi Garissa.

Magari yapitayo mchana kutwa, pamoja na upepo mkavu wa kaskazi kati ya Desemba na Machi, huviacha vioo vya maduka, nyumba za wageni na afisi vikiwa vimefifia.

Kwa kijana aliyepoteza mifugo kwa ukame, au ambaye shamba lake kando ya Mto Tana lilisombwa na mafuriko kama yale ya 2018 na 2023, vumbi hilo laweza kugeuka riziki. Usafishaji wa madirisha ni miongoni mwa biashara chache zisizotaka ardhi, stima wala chumba cha kukodi.

Vifaa na maji

Anayeanza huhitaji ndoo mbili, sponji, sabuni ya maji, brashi laini, vitambaa visivyotoa nyuzi, ngazi fupi na kifutio cha mpira chenye mpini. Kifutio cha aina hiyo kilipewa hataza nchini Marekani mwaka wa 1936 kwa jina la Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo.

Mtihani mkubwa ni maji. Maji ya Tana huwa na matope, hivyo yafaa yaachwe kwenye pipa usiku kucha yatulie, au yatiwe shabu kidogo, kisha yatekwe ya juu pekee. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huacha madoa meupe yanapokauka. Siki iliyochanganywa na maji husaidia kuyaondoa.

Kioo chenye vumbi hakifutwi kikavu, kwa kuwa chembe za mchanga hukikwaruza. Kwanza hupanguswa fremu, vyuma na wavu wa mbu kwa brashi. Kisha hupakwa maji ya sabuni, na kifutio huvutwa kutoka juu hadi chini huku ukingo wake ukipanguswa kila mara.

Kazi hii hufanywa asubuhi au alasiri. Jua la utosi hukausha sabuni kabla ya kufutwa, na michirizi ikabaki.

Wateja wa kwanza

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, huduma ngeni haina budi kujitembeza kwanza. Njia nyepesi ni kuomba ruhusa ya kusafisha kioo kimoja cha duka bila malipo, ili mwenyewe akilinganishe na vilivyosalia.

Maduka yaliyopakana yashughulikiwe kwa pamoja ili muda usipotee njiani. Wenye nyumba za wageni, mikahawa, maduka ya dawa na zahanati za kibinafsi ndio wa kuendewa mwanzo, kwani mteja wao huhukumu usafi angali mlangoni. Madereva wa mabasi na malori yanayopumzika mjini nao huhitaji vioo vinavyoona mbali.

Bei hupangwa kwa kuhesabu vioo. Duka lenye vioo 12, kwa Sh20 kila kimoja ndani na nje, litalipa Sh240. Maduka 10 ya aina hiyo yakisafishwa mara mbili kwa mwezi yataleta Sh4,800. Fedha hizo hazitoshi kulisha familia, lakini ni msingi wa kutafutia kazi kubwa.

Kazi kubwa hiyo yaweza kutoka serikalini. Tangu 2013, asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO. Usafi wa afisi ni miongoni mwa huduma zinazonunuliwa. Mwombaji husajili jina la biashara kupitia eCitizen na kupata nambari ya ushuru ya KRA, huku kibali cha biashara kikitolewa na kaunti.

Mwenye upungufu wa mtaji anaweza kukopa kupitia Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ambayo mikopo yake ya kibinafsi huanzia Sh500. Ni vyema kukopa bei ya vifaa tu.

Uaminifu

Msafishaji wa madirisha huona ya ndani. Katika nyumba za watu, hodi hupigwa na mwenye nyumba hungojwa aitikie. Kuchungulia ni mwiko. Kundi lenye wanawake litapokewa kwa wepesi zaidi pale ambapo mama yuko nyumbani peke yake.

Isitoshe, eneo hili lina kumbukumbu ya mapigano ya 2012 na 2013 yaliyoua zaidi ya watu 100. Kundi linalowaleta pamoja vijana wa Kipokomo, Kiorma na Kiwardei litafunguliwa milango mingi kuliko lile la upande mmoja.

Masika yanapofika, vumbi hugeuka tope na barabara huenda zikakatika. Ndiyo maana sehemu ya mapato ya kaskazi haina budi kuwekwa akiba. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hicho kisipofunikwa, mafuriko hukibeba.