Kuzeekea Hispania: Waingereza waliohamia ku jua wanaishi namna gani?

Ku pwani ya mashariki na ya kusini ya Hispania kuko mitaa ambamo Kiingereza kinasikika kuliko Kihispania. Miji inayojulikana sana ni Torrevieja, Benidorm na Jávea mu jimbo la Alicante, halafu Mijas na Fuengirola mu jimbo la Málaga. Sehemu kubwa ya Waingereza wanaokaa mule ni wazee waliomaliza kazi, wakauza nyumba kwao, wakafuata jua. Waingereza walioandikwa kuwa wakaaji wa Hispania wanapita 250,000, na Alicante njo jimbo lililo na wengi zaidi.

Hapa kwetu mashariki mwa Kongo, neno «ekspatriye» tunalipatia Mzungu wa shirika mwenye gari na mshahara. Wale wazee nao wanajiita vile. Lakini mbele ya sheria ya Hispania ni wahamiaji: wanatafuta karte ya kukaa, wanafanya mustari ku biro ya polisi, na uamuzi mmoja wa serikali unaweza kugeuza maisha yao. Tuangalie ile maisha inasimama juu ya nini.

Siku ya kawaida

Asubuhi ni ya kutembeza mbwa, kununua mkate na kunywa kahawa nje. Mara moja kwa juma kuko soko la barabarani: matunda, samaki, nguo. Kuanzia saa nane mchana, maduka mengi madogo yanafunga mpaka karibu saa kumi na moja. Ule ni wakati wa chakula kikubwa na kupumzika, juu jua la Julai na Agosti si la mchezo. Mangaribi wengi wanaenda ku klabu zao: karata, kuimba, kujifunza lugha, kusaidia ku maduka ya nguo kuukuu ambayo faida yake inaenda kwa wagonjwa au kwa wanyama waliotupwa.

Watu wengi hawatazamii baridi. Nyumba nyingi za pwani zilijengwa juu ya joto: sakafu ya vigae, hakuna mashine ya kupasha nyumba moto. Mwezi wa kwanza mzee anakaa ndani na koti. Tena nyumba nyingi ziko mu mitaa mipya mbali na mji. Wakati macho yanapungua na gari haliendeshwi tena, duka, munganga na rafiki vyote vinakuwa mbali.

Feza inatoka mbali

Wengi wanaishi kwa feza ya retreti inayotoka Uingereza. Mwezi wa Aprili 2025, retreti kamili ya serikali, ya mpango mpya, ilikuwa pauni 230.25 kwa juma. Kwa kawaida inaombwa miaka 35 ya michango. Kwa mzee aliye Hispania inapanda kila mwaka sawa kwa aliyebakia Uingereza. Si hivyo kila fasi: Mwingereza aliyehamia Australia ao Canada, retreti yake inabakia vile ilivyokuwa siku aliyoanza kuipata kule, hata akiishi miaka 30 zaidi.

Shida iko ku kubadilisha feza. Retreti inahesabiwa kwa pauni, lakini duka linataka euro. Mwaka 2015 pauni moja ilikuwa inaleta zaidi ya euro 1.35. Mwezi wa nane 2017 ilishuka chini ya euro 1.10. Mwenye pauni 1,000 kwa mwezi alipoteza karibu euro 250, bila retreti yenyewe kupunguzwa hata kidogo.

Makaratasi baada ya Brexit

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura kutoka mu Umoja wa Ulaya. Wale waliokuwa wameishi inje ya inchi zaidi ya miaka 15 hawakuruhusiwa kupiga kura, ijapokuwa neno lenyewe liliwahusu wao kuliko wengi. Ile sheria ya miaka 15 iliondolewa paka Januari 2024.

Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na muda wa mpito ukaisha tarehe 31 Desemba 2020. Tangu hapo kuko makundi tatu. Waliokuwa wanakaa Hispania kwa njia ya sheria mbele ya ile tarehe walilinda haki zao, na wanapewa karte inayoitwa TIE. Wenye nyumba ya likizo tu wanaruhusiwa siku 90 mu kila siku 180, hata kama ile nyumba ni mali yao. Wanaotaka kuhamia sasa bila kufanya kazi wanaomba viza: waonyeshe euro 2,400 kwa mwezi kwa mtu mmoja, euro 600 zaidi kwa kila anayemfuata, na asiransi ya matunzo. Retreti ya serikali peke yake haifiki pale. Fundi wa umeme ao mpishi wa shule ambaye zamani angeweza kuzeekea Alicante, leo mlango umemfungikia.

Hata permi ya kuendesha gari ilileta matatizo. Kuanzia Mei 2022 mpaka Machi 2023, wakaaji wengi waliokuwa na permi ya Uingereza tu walikatazwa kuendesha gari Hispania, mpaka inchi mbili zilipopatana. Kwa mambo kama haya, wengi wanamlipa «gestor», mtu ambaye kazi yake ni kufuata makaratasi ya watu ku mabiro.

Wakati wa ugonjwa

Mwenye retreti ya Uingereza anapewa karatasi inayoitwa S1. Kwa ile karatasi anatunzwa ku hospitali za serikali za Hispania sawa mwenyeji, na Uingereza njo inalipa. Hospitali zenyewe zinasifiwa sana.

Lakini munganga na muuguzi hawalazimishwi kuongea Kiingereza. Tena desturi ya kule inafanana na ya kwetu: ndugu anakaa pembeni ya kitanda, hata usiku. Mzee ambaye watoto wake wako Leeds ao Glasgow anabakia peke yake mu chumba, wakati mgonjwa wa pembeni yake amezungukwa na jamaa. Na matunzo ya nyumbani kwa mtu aliyedhoofika, Wahispania wengi wanayategemea kwa watoto wao.

Kwa hiyo wageni walianza kujisaidia. Joan Hunt, mama Mwingereza aliyefiwa na bwana yake kwa kansa ku pwani ya Málaga, alianzisha Cudeca mwaka 1992, shirika linalotunza bure wagonjwa wa kansa wanaokaribia mwisho, pamoja na jamaa zao. Leo linahudumia Wahispania na wageni.

Nyumba na kifo

Tarehe 9 Januari 2008, huko Vera, jimbo la Almería, mashini zilibomoa nyumba ya mume na mke Waingereza waliokuwa mu retreti. Walikuwa na ruhusa ya kujenga kutoka ku komini. Serikali ya Andalucía ilisema ile ruhusa haikufuata sheria, juu udongo ulikuwa wa mashamba. Tangu hapo wanunuzi wanaonywa: muhuri wa komini peke yake hautoshi. Tafuta mwanasheria wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji.

Kifo nacho kina haraka. Kwa kawaida mazishi ya Hispania yanafanyika mu siku mbili hivi, na watoto walio Uingereza wanaweza kukosa ndege. Kuhusu urizi, sheria ya Hispania inawalindia watoto sehemu kubwa ya mali. Tangu Agosti 2015, mgeni anaweza kuandika mu wasia wake kwamba anachagua sheria ya inchi yake. Asipoandika, mjane anaweza kujikuta anagawana nyumba na watoto wa bwana yake.

Mara nyingi ni pale, wakati mmoja wa wawili amekufa, njo swali la kurudi linakuja. Wengine wanarudi kuwa karibu na wajukuu. Lakini aliyeuza nyumba Uingereza miaka 20 iliyopita anakuta bei za kule zimepanda sana, na feza ya nyumba yake ya Hispania haifiki. Ndiyo maana wanaofahamu haya maisha wanawapatia wageni wapya shauri moja: jifunze Kihispania na ujue jirani yako mwaka wa kwanza, wakati miguu ingali na nguvu na mko bado wawili.