Maji Yaliyofichwa na Mirihi

Mwaka 1877 Mwitalia Giovanni Schiaparelli alichora mistari aliyoiona kwa darubini katika sayari ya Mirihi. Baadaye Mmarekani Percival Lowell alishikilia kuwa ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili, na wengi wakamsadiki. Chombo Mariner 4 kilipopiga picha mwaka 1965, mifereji haikuonekana. Palikuwa na mashimo na ukame mtupu.

Kumbe hazina ilikuwa chini. Mwaka 2002 chombo Odyssey kilitambua dalili za barafu nyingi ardhini. Mwaka 2008 Phoenix kikakwangua udongo upande wa kaskazini; vibonge vyeupe vikatokea, na baada ya siku nne vikawa vimetoweka. Chumvi haifanyi hivyo. Ile ilikuwa barafu iliyogeuka mvuke.

Na mapango? Lava ikitiririka, juu hupoa na kuganda, ndani huendelea kwenda, mwisho ikaacha handaki. Ndivyo yalivyotokea mapango ya Chyulu, Kenya. Mwaka 2007 yalitangazwa matundu saba katika mlima Arsia wa Mirihi. Yaelekea ni mahali paa lilipoporomoka.

Msomaji, jicho huona lipendalo. Ukweli hungoja mwenye kuchimba.