Mashahidi wa Mwezi Mwandamo

Kila mwaka wakati wa Kwaresima kuna mtu anayeniuliza: «Mwalimu, Yezu alikufa tarehe gani?» Injili zinatutajia siku, ni Ijumaa. Zinamtaja liwali, Ponsio Pilato. Zinasema ilikuwa wakati wa Paska ya Wayahudi. Tarehe hazitaji. Nao wataalamu walioitafuta tarehe ile wamelazimika kutafuta kitu kingine kwanza: uzi mwembamba wa mwanga uliotokea jioni moja upande wa magharibi, juu ya vilima vya Yuda, kama majuma mawili kabla ya kifo kile, ukakaa kitambo kidogo, ukazama.

Maana miezi ya Wayahudi ilianza namna hiyo. Kama Wababiloni, hawakuhesabu mwezi mpya mpaka hilali ionekane kwa macho. Kutoka mwandamo mmoja hata mwingine ni siku 29, saa 12 na dakika 44 kwa wastani. Ndiyo sababu mwezi mmoja ulipata siku 29, na mwingine 30. Mashaka yalikuwa jioni ya siku ya 29. Je, umeandama au haukuandama? Mwana-kondoo wa Paska alichinjwa tarehe 14 ya mwezi wa Nisani. Hilali ya Nisani ikionekana jioni moja mapema, sikukuu nzima yasogea siku moja.

Basi ilihitaji mashahidi. Kitabu cha Mishna, ambacho marabi walikikusanya kama mwaka wa 200, chaeleza habari hizo vizuri sana. Yerusalemu palikuwa na ua mkubwa walipopokewa watu waliouona mwezi. Waliandaliwa chakula kingi, ili wengine nao wasichoke kuja. Waliruhusiwa hata kuvunja sheria ya safari siku ya Sabato. Wakahojiwa mmoja mmoja: Uliuona upande gani wa jua? Ulikuwa juu kiasi gani? Uliinamia wapi? Upana wake je? Maneno ya wawili yakipatana, mkubwa wa baraza alitamka kwamba mwezi umetakaswa, na watu wote wakaitika. Lakini si kila mtu alikubaliwa. Mcheza kamari, mkopeshaji wa riba, hata mrushaji wa njiwa, hawakusadikiwa; wanawake nao hawakupokewa.

Zamani habari ilipelekwa kwa moto. Waliwasha mienge juu ya Mlima wa Mizeituni, wakaitikisa huku na huko mpaka wenzao wa mlima wa pili wawashe yao, na hivyo kutoka mlima hata mlima kuelekea Babiloni. Kisha Wasamaria wakawasha mioto ya uongo siku isiyo yake, na tangu hapo walitumwa wajumbe kwa miguu.

Rabi Gamalieli wa Pili (tusimchanganye na mwalimu wa Mtume Paulo, huyu ni mjukuu wake) alikuwa na picha za mwezi, zimechorwa katika kibao na ukutani, chumbani mwake juu. Aliwaonyesha watu wasio na elimu: Uliuona hivi, au hivi? Ni picha za kale kabisa, na kazi yake ilikuwa kumsaidia shahidi aseme kweli.

Siku moja walikuja wawili wakasema wameuona mwezi. Lakini usiku uliofuata, ambapo ilipasa uwe mkubwa zaidi, haukuonekana. Gamalieli aliwakubali. Rabi mwenzake, Dosa, alisema ni mashahidi wa uongo. Rabi Yoshua akamwunga mkono. Ndipo Gamalieli akamtumia Yoshua amri: aje kwake na fimbo na fedha yake siku ile ambayo kwa hesabu yake Yoshua ndiyo Siku ya Upatanisho, siku ambayo kushika fedha na kusafiri ni dhambi. Yoshua alihuzunika sana. Akaenda. Gamalieli alisimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake na mwanafunzi wake. Mimi nadhani Yoshua ndiye aliyekuwa na haki juu ya mwezi. Lakini taifa haliwezi kufunga siku mbili mbalimbali, naye alilijua hilo.

Baadaye Wayahudi waliacha mashahidi wakashika hesabu. Mapokeo yanamtaja Hileli wa Pili, karne ya nne. Eklezya nayo inapanga Paska kwa mwezi wa hesabu, ule uliotengenezwa upya mwaka wa 1582 na Papa Gregorio XIII, akisaidiwa na Mjezuiti Klavius. Ndugu zetu Waislamu, hata wale wa Kasongo katika Maniema, wengi wao bado hutoka nje kuutazama.

Turudi kwa swali letu. Mtu akitaka kujua Nisani ya mwaka fulani ilianza lini, haitoshi kujua saa mwezi ulipokutana na jua. Lazima ajue ni jioni ipi macho ya mtu yaliweza kuuona. Isaac Newton alijaribu kupiga hesabu hiyo. Kitabu chake, kilichotoka mwaka wa 1733 baada ya kufa kwake, chataja mwaka wa 34. Alikosa vipimo vya kutosha. Vipimo vilipatikana Atene, ambapo Mjerumani Julius Schmidt, mkuu wa nyumba ya nyota, aliitazama hilali miaka mingi. Mwingereza Fotheringham alizitumia habari zake mwaka wa 1910 akatoa kanuni: mwezi ulio wima juu ya mahali jua linapozama hauonekani kama haujafika karibu digrii 12 juu. Katika miaka ya Pilato, 26 mpaka 36, Ijumaa mbili ndizo zinazopatana vema na tarehe 14 Nisani ya Injili ya Yoane: tarehe 7 Aprili mwaka wa 30, na tarehe 3 Aprili mwaka wa 33. (Juu ya Injili tatu nyingine kuna ubishi mrefu, siuingii hapa.) Hivyo namjibu anayeniuliza: mojawapo ya hizo mbili.

Je, mwezi mchanga kiasi gani waweza kuonekana? Mfaransa André Danjon, tarehe 13 Agosti 1931, aliutazama kwa darubini saa 16 hivi kabla haujakutana na jua. Upinde ambao hukamata nusu ya duara, yaani digrii 180, ulikuwa umepungua mpaka digrii 75 au 80 tu. Alihesabu kwamba ukiwa digrii 7 tu kutoka jua upinde wote hutoweka. Yeye alishitaki vivuli vya milima ya mwezi. Wengine baadaye walisema ni jicho letu tu lisilotosha. Kwa macho matupu, Mmarekani Stephen O'Meara aliona mwezi wa saa 15 na dakika 32, Mei 1990.

Halafu kamera ikapita jicho. Tarehe 8 Julai 2013, saa tatu na dakika 14 asubuhi kwa saa ya Ufaransa, ambayo wakati wa kiangazi ni sawa na saa ya Bukavu, Thierry Legault aliupiga picha mwezi karibu na Paris dakika ileile ulipokutana na jua. Umri wake ni sifuri. Ulipita kando ya jua kwa digrii 4.4, mchana mweupe. Alitumia mwanga mwekundu usioonekana kwa macho, kwa sababu katika mwanga huo anga hupungua ukali, tena aliweka ubao wenye tundu mbele ya darubini ili jua lisiingie ndani. Asiye na ubao huo asijaribu, atapoteza macho. Picha ni uzi mweupe tu. Katika baraza la Gamalieli isingefaa kitu, maana hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kusema: Niliuona.

Mwezi uliopita nilipanda kilimani na watoto wa katekisimu, jioni ya kwanza baada ya mwezi kukutana na jua. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama upesi, na giza halichelewi. Nilitazama karibu nusu saa, sikuona kitu. Msichana mmoja akasema: «Mwalimu, ule pale, juu ya mwavoka.» Nikamwuliza umeinamia wapi. Akainua viganja vyake viwili pamoja, umelala kama mtumbwi. Nilifuata kidole chake, nikauona. Nikatoa simu nikapiga picha, na katika picha kuna mti peke yake.