Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nyumba za Wageni katika Historia ya Mji wa Lamu

Katika mijadala yetu ya darasani kuhusu utalii wa pwani, kauli mbili hurudiwa mara kwa mara. Ya kwanza inasema kwamba biashara ya kumlaza mgeni na kumpa kifungua kinywa kwa malipo ililetwa na Wazungu. Ya pili inasema kwamba zamani Waswahili walimpokea mgeni bure, kwa ukarimu mtupu, mpaka fedha za watalii zilipouharibu ukarimu huo. Kauli zote mbili zinachukulia kwamba kabla ya mtalii hapakuwa na hesabu yoyote kati ya mgeni na mwenyeji.

Katika insha hii nitaonyesha, kwa mfano wa mji wa Lamu nchini Kenya, kwamba hesabu hiyo ni ya kale. Kilichobadilika ni kile kinachouzwa. Zamani mwenyeji aliuza ujuzi wake wa soko na dhamana ya jina lake. Leo anauza kitanda kwa usiku mmoja mmoja. Na hatari iliyopo sasa ni kwamba mgeni anainunua nyumba yenyewe.

Nimeichagua Lamu kwa sababu mbili. Mji wake wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba zake za mawe bado zina wakazi. Pili, nikiwa mwaka wa pili nilikaa huko wiki tatu kwa mazoezi ya lugha, maana sisi tunaosoma Kiswahili Kampala tunaijua bahari kwa vitabu. Nililala katika nyumba ya wageni ya vyumba vitano, na mama mwenye nyumba alinijibu maswali mengi kuliko niliyostahili kumwuliza.

Mwenyeji wa mfanyabiashara

Maelezo ya kale ninayoyategemea ni ya Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyepita pwani hii mwaka 1331. Akielezea Mogadishu, anasema kwamba jahazi lilipofika bandarini, vijana wa mji walilikimbilia kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba chakula katika sahani iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula hicho na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo alikwenda kukaa nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa wale waliokwisha kufika mara nyingi na kuwajua watu wa mji. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichohitaji. Mtu aliyenunua kutoka kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu pasipo mwenyeji wake, biashara yake haikutambuliwa.

Ibn Battuta hakutueleza habari za Lamu. Lakini majahazi ya Lamu yalitegemea pepo zilezile: kaskazi ya kuwaleta wageni kutoka Arabuni na Ghuba, na kusi ya kuwarudisha. Kati ya pepo hizo mbili mgeni alilazimika kungoja, pengine kwa miezi. Mtu anayengoja miezi anahitaji chakula, mahali pa kulala, ghala, na mtu wa kumdhamini mbele ya wenye mji. Ndiyo maana John Middleton, mwanaanthropolojia aliyewaandikia Waswahili kwa kina, aliwaona kuwa watu wa kati katika biashara, na nyumba zao kuwa sehemu ya biashara hiyo.

Hapa kuna jambo la kuzingatia katika lugha yetu. Neno mgeni lina maana mbili: mtu asiyejulikana na mtu aliyealikwa. Mwenyeji naye ni mtu mwenye mji. Kazi ya mwenyeji ilikuwa kumtoa mgeni katika maana ya kwanza na kumwingiza katika ya pili, na kazi hiyo ilikuwa na faida. Methali isemayo “mgeni njoo, mwenyeji apone” haifichi faida hiyo. Mgeni anapoingia, mwenyeji naye anapata nafuu.

Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mgeni, na mbali naye

Nyumba nyingi kubwa za mawe za Lamu zilijengwa katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Ukiitazama ramani ya nyumba kama hiyo unaiona hesabu hiyo kwa macho. Mlangoni kuna daka, kibaraza kilichofunikwa, ambapo mwanamume alizungumza na mtu bila kumwingiza. Karibu na mlango kuna sabule, chumba cha wageni. Kisha hufuata misana, vyumba virefu na vyembamba, na mwisho kabisa ndani, mahali pa mama wa nyumba. Wembamba wa vyumba unatokana na paa: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, hivyo upana wa chumba huishia chini kidogo ya mita 3. Mgeni alikaribishwa kwa heshima, lakini nyumba yenyewe ilimwambia mipaka yake.

Mambo mawili husahauliwa tunapousifu ukarimu huo. La kwanza ni kwamba uliwategemea watumwa. Wao ndio waliochota maji, waliotwanga, waliopika na waliolima mashamba ya bara yaliyolisha mji. Sahani iliyofunikwa ilikuwa na mikono mingine nyuma yake. La pili ni kwamba, katika familia za waungwana, nyumba ilikuwa mali ya upande wa wanawake. Baba alimpa binti nyumba alipoolewa, au alimwongezea ghorofa, na mume akahamia kwake. Ndiyo sababu katika baadhi ya vichochoro utaona wikio, chumba kinachovuka njia juu ya vichwa vya wapitao na kuunganisha nyumba mbili za ndugu. Mwanamume alimpokea mgeni wa biashara, lakini paa lililomfunika mgeni huyo mara nyingi lilikuwa la mke.

Miaka ya ukimya

Mwishoni mwa karne ya 19 misingi ya mpango huu iliporomoka. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Vitabu vyetu vya shule vinaiita Reli ya Uganda na kuisifu kwa kuifungua nchi yetu. Kwa Lamu, reli hiyohiyo ilikuwa moja ya sababu za biashara kuhamia Mombasa, kwenye bandari ya meli kubwa za moshi. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na wenye mashamba wakakosa nguvu kazi waliyoizoea. Wengi waliondoka kwenda kutafuta maisha Mombasa na kwingineko, na nyumba kadhaa zikabaki na popo.

Hata hivyo wageni hawakukoma. Habib Saleh alipoujenga Msikiti wa Riyadha na kuimarisha sherehe za Maulidi, Lamu ikawa mji wa ziara. Hadi leo, Maulidi yanapofika, watu hutoka miji mingine ya pwani na nchi za nje, na wengi hulala majumbani mwa jamaa na marafiki bila kulipa. Mfano huu unaonyesha kwamba ukarimu wa bure na ule wa faida uliishi pamoja mjini. Kila mmoja ulikuwa na aina yake ya mgeni.

Kitanda na kifungua kinywa

Mgeni wa aina ya tatu ni mtalii. Mahoteli ya mwanzo ya Lamu yalikuwa ya Wazungu: Petley's Inn ya ukingoni mwa bahari ilichukua jina la Mwingereza Percy Petley, na Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 walikuja vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na fedha kidogo. Hao hawakuwa na uwezo wa hoteli. Walitaka kitanda, chandarua na chai ya asubuhi, na wenye nyumba za mawe walikuwa na vyumba vitupu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo nyumba ya wageni ya leo ilipozaliwa: sabule ilifunguliwa tena, safari hii kwa mgeni asiye na bidhaa.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mgeni wa jahazi alimhitaji mwenyeji kila siku sokoni. Mtalii anamhitaji kwa kulala na kula tu. Kwa hiyo mwenyeji analazimika kupata katika kitanda faida ambayo zamani aliipata katika pembe, ngozi na nafaka.

Nilipokaa katika nyumba ile niliona maana yake. Mama mwenye nyumba aliamka kabla ya alfajiri kuumua unga wa mahamri. Kufikia saa mbili asubuhi mbaazi za nazi, mayai, mapapai na chai vilikuwa vimepandishwa juu, kwenye dari lililoezekwa makuti. Baada ya hapo zilifuata shuka za vyumba vitano, maji ya kupandishwa kwenye tangi, na kuta. Kuta ndizo zilizomlia fedha. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, chokaa hubambuka, na boriti iliyooza haina subira. Katika daftari lake aliandika mapato upande mmoja na upande wa pili leseni ya kaunti, tozo ya utalii ya asilimia 2, umeme, mishahara ya wasichana wawili, na fundi. Jina la fundi lilijaza kurasa.

Msimu wake bado ni ule wa pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwaleta wanaokimbia baridi ya Ulaya. Masika yakianza, vyumba hubaki vitupu na fundi huitwa.

Hata vijana wa Ibn Battuta bado wapo. Uwanja wa ndege uko kisiwani Manda, na mgeni huvushwa kwa mashua. Gatini Lamu anakuta vijana wanaombebea mzigo na kumpeleka kwenye nyumba itakayowapa kamisheni. Lakini kijana wa mwaka 1331 alimpeleka mgeni nyumbani kwao. Kijana wa leo anampeleka kwa mwingine, na hata nafasi hiyo inapungua kwa kuwa wageni wengi hukodi chumba kwa intaneti kabla ya kusafiri. Dhamana ya jina, iliyokuwa mali kubwa ya mwenyeji, sasa iko mikononi mwa kampuni iliyo mbali, nayo hukata sehemu yake kwanza.

Nyumba inapouzwa

Biashara inayotegemea kitanda peke yake haina akiba ya kuvumilia misukosuko. Septemba 2011 watalii wawili Waingereza walivamiwa Kiwayu; mume aliuawa na mke akatekwa. Tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa alitekwa Manda. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani, upande wa bara, na Julai serikali ikaweka amri ya kutotoka usiku. Nchi za Ulaya ziliwaonya raia wake wasiende. Kisha mwaka 2020 ikaja korona. Mfanyabiashara wa zamani aliyekosa jahazi mwaka mmoja alikuwa bado na shamba. Mwenye vyumba vitano ana vyumba vitano.

Hapo ndipo suala la mirathi linapoingia. Nyumba ya mama mwenyeji wangu ilikuwa ya mama yake, na sasa ina hisa za ndugu sita, baadhi yao wakiishi Mombasa na wawili Ghuba. Anayeishi ndani anaiona nyumba kama kazi yake. Aliye mbali anaiona kama fungu lake lililolala. Mnunuzi akija na fedha taslimu, ni vigumu kwa mmoja kuwakatalia watano. “Mwanangu,” aliniambia, “mgeni wa kulala namjua. Huyu wa kununua ndiye sijui nimwandikie chakula gani.”

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wageni walionunua nyumba Lamu na Shela wameokoa majengo ambayo yangeanguka, wamewapa kazi mafundi wa chokaa na wa kuchonga milango, na waliouza walilipwa. Lakini tukiitazama kwa jicho la historia, nyumba ilikuwa ndiyo iliyomfanya mwenyeji awe mwenyeji. Anayeiuza hawezi tena kumpokea mgeni. Anabaki kuwa mpishi au mlinzi katika nyumba aliyozaliwa. Na kwa kuwa nyumba zilikuwa mali ya wanawake, hasara ya kwanza inawaangukia mabinti.

Kuna njia ya kati. Majirani wa mwenyeji wangu waliikodisha nyumba yao kwa miaka kadhaa kwa mgeni aliyekubali kuitengeneza, kwa sharti kwamba muda ukiisha itarudi kwa familia. Wakfu wa familia, ambao sheria ya Kiislamu inaujua tangu kale, unaweza pia kuizuia nyumba isigawanywe vipande. Njia hizi zinahitaji wanasheria na mikopo ya masharti nafuu zaidi kuliko zinavyohitaji mabango ya utalii.

Kwa kumalizia, nyumba ya wageni ya Lamu haikuletwa na mtalii, wala mtalii hakuupata ukarimu usiojua faida. Mwenyeji wa pwani amekuwa akipata riziki kwa mgeni kwa karne nyingi, na hakuna aibu katika hilo. Sisi wanafunzi wa historia tunapoandika kuhusu utalii tumezoea kuhesabu wageni walioingia. Napendekeza tuanze kuhesabu pia nyumba, na kuuliza hati za nyumba hizo zina jina la nani.