Wi-Fi ya ofisini: nguvu kubwa ya mawimbi huleta mtandao wa polepole

Katika majengo mengi ya ofisi, malalamiko kuhusu Wi-Fi dhaifu hujibiwa kwa njia moja: nguvu ya vituo vinavyorusha mawimbi huongezwa hadi kikomo chake. Vistari kwenye simu hujaa, lakini mikutano ya video huendelea kukatika na mhudumu wa kaunta huendelea kumwambia mteja asubiri. Hatimaye ofisi hununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, nacho hakibadilishi kitu, kwa kuwa msongamano haupo kwenye waya unaoingia jengoni. Upo hewani, ndani ya jengo lenyewe.

Anayesikiliza redio ya FM hana haja ya kuijibu stesheni. Mtambo ukiongezewa nguvu, matangazo hufika mbali zaidi, basi. Wi-Fi haifanyi kazi hivyo. Kila kipande cha data kinachotumwa kwa simu au kompyuta ya mkononi lazima kithibitishwe kuwa kimefika, na uthibitisho usiporudi, kituo hutuma tena kile kile. Kituo cha darini kinaweza kurusha kwa miliwati 100 au zaidi, ilhali simu nyingi hurusha kwa nguvu ndogo kuliko hiyo ili kutunza betri. Mfanyakazi aliye mwisho wa korido huona vistari vingi kwa sababu simu yake inakisikia kituo. Vistari hivyo havimwelezi kama kituo nacho kinamsikia yeye. Ni kweli kwamba antena nzuri ya kituo husaidia katika kurusha na katika kupokea, na kwamba vituo vya kisasa hunasa mawimbi dhaifu vizuri kuliko simu, hivyo pengo si pana kama namba zinavyodokeza. Hata hivyo pengo lipo, na kila nguvu ya kituo inapopandishwa, linapanuka.

Kusubiriana hewani

Madhara ya pili ni makubwa zaidi, ingawa hayaonekani kwenye skrini ya mtu yeyote. Kifaa cha Wi-Fi husikiliza kwanza kabla ya kurusha. Kikisikia kifaa kingine kwenye chaneli hiyo hiyo, hata kwa udhaifu, hunyamaza na kungoja zamu. Utaratibu huo ni wa busara, kwani bila huo wote wangezungumza kwa pamoja na hakuna ambaye angeelewana na mwenzake. Lakini una gharama yake. Katika masafa ya gigahezi 2.4 ni chaneli tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ambazo kwa kawaida hutumika bila kuingiliana. Jengo la ghorofa nne lenye vituo vitano kila ghorofa lina vituo 20, kwa hiyo kila chaneli hubeba takriban vituo saba. Vyote vikirusha kwa nguvu ya juu, mawimbi hupenya sakafu na kuta hadi kituo cha ghorofa ya kwanza kinamngoja mtu wa ghorofa ya tatu amalize kupakua faili. Vituo saba vilivyonunuliwa kwa fedha nyingi hugeuka kuwa kituo kimoja kinachogawana zamu.

Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, zimeruhusu humo kwa muda mrefu chaneli 19 zenye upana wa megahezi 20 kila moja. Mawimbi yake pia hudhoofika upesi zaidi yakikutana na ukuta, jambo ambalo wengi huliona kuwa kasoro na ambalo katika jengo lenye watu wengi ni faida. Faida hiyo hupotea fundi anapounganisha chaneli nne kuwa moja ya megahezi 80 ili kupata kasi ya kuvutia kwenye kipimo. Ofisini, chaneli ya megahezi 20 au 40 mara nyingi huhudumia watu wengi zaidi.

Kuna na jambo la tatu, linalowashangaza hata baadhi ya mafundi: uamuzi wa kuhama kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwa kawaida hufanywa na simu yenyewe. Mtu akipanda ghorofa huku kituo cha chini bado kinasikika vizuri, simu yake haioni sababu ya kukiacha, ingawa kituo kingine kiko juu ya kichwa chake.

Kupima kwanza, kupunguza baadaye

Nguvu ya kurusha huandikwa kwa desibeli zinazolinganishwa na miliwati moja, kwa kifupi dBm. Hesabu yake ni rahisi ikishazoeleka: kila desibeli tatu zinazopunguzwa hukata nguvu kwa nusu, na desibeli 10 huiacha sehemu moja ya kumi. Hivyo dBm 20 ni miliwati 100, dBm 17 ni miliwati 50, na dBm 14 ni miliwati 25. Mahali pa wazi, kupunguza desibeli sita hufupisha umbali kwa nusu. Ndani ya jengo, kuta ndizo huamua. Ukuta wa jipsamu hupunguza mawimbi kidogo, ukuta wa matofali ya saruji hupunguza zaidi, na zege lenye nondo au shimo la lifti huweza kuyazuia karibu kabisa. Kwa sababu hiyo, viwango vilivyofaa katika ofisi moja ya vioo haviwezi kunakiliwa katika jengo la zege.

Kazi huanzia kwenye kifaa dhaifu chenye umuhimu, ambacho kwa kawaida ni simu, si kompyuta. Fundi hutembea nacho hadi kwenye meza ambako watu hukaa kweli, milango ikiwa imefungwa, na kuandika kipimo. Kwa mawasiliano ya sauti na video, kiwango kinacholengwa sana ni dBm −67. Namba ikisogea karibu na sifuri, mawimbi ni imara zaidi. Kisha nguvu ya vituo huteremshwa ikaribie ile ya simu, mara nyingi kati ya dBm 11 na 17 kwa gigahezi 5. Kwa gigahezi 2.4 huwekwa chini zaidi, kwa takriban desibeli sita, ili vifaa vivutike kwenye masafa yenye nafasi. Ghorofa moja hurekebishwa kwa wakati mmoja, viwango vya zamani vikiwa vimeandikwa mahali. Anayeshusha nguvu ya jengo zima kwa usiku mmoja huamkia malalamiko mapya asiyojua yametoka wapi.

Mifumo mingi ya kisasa hurekebisha nguvu yenyewe. Inasaidia, lakini isiachwe bila mipaka. Vituo hupima jinsi vinavyosikilizana vyenyewe, na vikiwa vimepangwa kwenye dari ya korido moja ndefu husikilizana vizuri mno. Mfumo huhitimisha kuwa nguvu imezidi na kuishusha, huku aliye nyuma ya ukuta wa saruji akibaki bila mtandao. Fundi huweka kiwango cha chini na cha juu, na mfumo hubadilisha kati ya hapo. Bora zaidi ni kuviondoa vituo kwenye korido na kuviweka ndani ya vyumba, kuta zitenganishe chaneli.

Sheria nayo ina sauti. Katika Umoja wa Ulaya, nguvu inayotoka kwenye antena kwa gigahezi 2.4 haipaswi kuvuka miliwati 100, na sehemu ya gigahezi 5 hutumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Ndiyo maana mwaka 2003 kiwango cha 802.11h kiliongeza utaratibu wa vifaa kupunguza nguvu na kuhama chaneli vinapogundua rada. Kifaa kilichowekewa mipangilio ya nchi nyingine huweza kuvunja masharti ya mahali kilipo bila mwenyewe kujua, kwa hiyo nchi sahihi huchaguliwa kwenye mipangilio kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Baada ya marekebisho, pembe moja au mbili zinaweza kubaki bila mawimbi ya kutosha. Hapo huongezwa kituo kingine chenye nguvu ndogo na waya wake. Gharama yake hulipwa mara moja, tofauti na kifurushi kikubwa cha intaneti kinacholipiwa kila mwezi.